Subaru ya kazini, Subaru ya traki: dalili na chanzo chake

Gari langu ni Impreza WRX STI, muundo wa GRB, lililoshuka bandarini Mombasa likitoka Japani: injini ya EJ207 ya lita 2, turbo, gia sita za mkono, breki za Brembo pande zote nne. Jumatatu hadi Ijumaa linasukumana na matatu kwenye Thika Road. Mara tatu au nne kwa mwaka linapanda Kiambu, kwenye barabara za shamba la chai la Kibubuti ambako watu huendesha mbio dhidi ya saa za KiambuRing, na huko, ndiyo traki yangu, linaombwa kila kitu lilichonacho.

Karibu kila kitu kilichowahi kunifia kule kwenye chai kilikuwa kimeanza kuugua wiki kadhaa kabla, mjini, nikiwa nimeongeza sauti ya redio nisisikie. Na karibu kila kero ninayoipata mjini imetokana na kitu nilichokifunga kwa ajili ya traki. Kwa hiyo gari likilalamika, kabla sijamwita fundi najiuliza: huu ugonjwa umezaliwa kwenye maisha gani kati ya haya mawili?

Ili ujibu swali hilo, andika dalili inapotokea. Injini ikiwa baridi au moto? Kwenye foleni au kwenye mwendo? Ukikanyaga mafuta au ukiachia? Ukikata kona ya kulia pekee? Fundi mzuri atakuuliza hayo hayo. Fundi asiyekuuliza chochote na tayari ameshika spana, mshukuru uondoke. Kifaa pekee ninachokusihi ununue ni kisomaji cha OBD, kinachosoma kompyuta ya gari, cha kuunganisha na simu, maana geji ya joto ya dashibodi ya magari haya hukaa palepale katikati hata joto likiwa limeshapanda nyuzi kadhaa.

Pedali ya breki inazama. Au ni ngumu, lakini gari halisimami.

Hizi ni dalili mbili tofauti na kila mara watu huzifanya moja, kisha wananunua dawa ya ugonjwa usio wao.

Fikiria kazi yenyewe. Gari la kilo 1,500 likishushwa kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, breki zinameza joto la kutosha kuchemsha karibu lita 4 za maji ya chai. Zinafanya hivyo ndani ya sekunde tatu au nne, kisha kona nyingine inakuja, kisha nyingine. Mjini hutafikia hata robo ya hapo, isipokuwa uwe unateremka Mai Mahiu ukiwa umeegemea breki badala ya kushusha gia.

Pedali ikizama, ikawa laini kama unakanyaga sifongo, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, na mguu wako unabana hewa badala ya kubana pistoni. Chanzo karibu kila mara ni cha maisha ya mjini: mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa siku baada ya siku, gari liende au lisiende. DOT 4, daraja moja la mafuta hayo, ikiwa mpya kwa kiwango cha chini huchemka kwa nyuzi 230. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, ambacho ndicho kipimo cha maabara, kiwango hicho huanguka hadi 155. DOT 3 huanzia 205 na kuanguka hadi 140. DOT 5.1 ni 260 na 180. Gari lililokaa Mombasa miaka miwili na mafuta yale yale, kwa unyevu ule wa bahari, halina biashara yoyote traki hata likiwa na Brembo za dhahabu.

Dawa: punguza mwendo, zunguka raundi nzima bila kugusa breki, rudi kwenye maegesho, na siku hiyo iishie hapo. Ukifika nyumbani badilisha mafuta yote, usiishie kuongeza juu. Angalia pia usije ukauziwa DOT 5 ukidhani ni ndugu mkubwa wa DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine, ilhali 5.1 inachanganyika. Nambari zinafanana, tabia hazifanani.

Pedali ikibaki juu na ngumu, ukakanyaga kwa nguvu zote na gari bado linateleza kwenda mbele kama mkokoteni, hapo ni pedi. Pedi za barabarani zikipita joto lake hupoteza mkwaruzo, na utanusa harufu kali ya kuungua. Mafuta mapya hayatakusaidia hata tone. Unahitaji pedi za daraja la juu zaidi.

Na hapa ndipo maisha mawili yanapogombana waziwazi. Pedi za mashindano zinaanza kushika vizuri zikiwa tayari moto. Mwaka fulani niliziacha kwenye gari baada ya Jumapili kwa sababu ya uvivu. Jumatatu asubuhi, baridi ya Julai, matatu iliyo mbele yangu pale Roysambu ikasimama ghafla kuchukua abiria mmoja. Nilikanyaga, na breki zikanipa jibu la mtu aliyeamshwa usingizini. Nilisimama nafasi ya kiganja kutoka kwenye bampa yake. Tangu siku hiyo pedi za traki ninazifunga Jumamosi na kuzitoa Jumapili, hata mvua inyeshe. Kama huwezi kufanya hivyo, nunua pedi za kati zinazostahimili joto kiasi na ukubali kwamba traki utapumzisha breki kila baada ya raundi chache. Kelele ya mlio mwembamba unapokaribia geti la nyumbani si ugonjwa, ni kawaida ya pedi hizo. Majirani watazoea.

Kuna dalili ya tatu inayowapotosha hata mafundi. Pedali inazama mara moja tu, baada ya kona ndefu yenye mashimo au baada ya kugusa ukingo, kisha ukikanyaga mara ya pili iko juu kabisa. Hiyo si mafuta. Beringi ya gurudumu iliyochoka inaruhusu diski kuyumba, diski inasukuma pedi nyuma, na pistoni inalazimika kusafiri safari ndefu kuzirudisha. Jaribio ni rahisi: kwenye barabara iliyonyooka, kabla ya kona inayofuata, gusa pedali kidogo kwa mguu wa kushoto. Ikirudi juu, kamtafute fundi wa beringi. STI zinajulikana kwa kula beringi, na mashimo yetu huzisaidia kula.

Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwa mwendo wa juu, kila mtu atakwambia diski zimepinda. Mara nyingi hazijapinda. Pedi iliyopata moto imeacha tabaka lake kwenye diski bila usawa, mara nyingi kwa sababu ulisimama kwenye maegesho mguu ukiwa bado umebana breki za moto. Kabla hujalipia kukwaruzwa diski, tafuta barabara tupu, punguza mwendo kutoka 100 hadi 20 mara saba au nane mfululizo bila kusimama kabisa, kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki zipoe. Mara mbili nimeokoa diski kwa njia hiyo. Mara ya tatu zilikuwa zimekwisha kweli.

Taa ya oili inapepesa kwenye kona

Zima injini. Si ukimaliza raundi, si ukifika kwenye maegesho. Zima, elea hadi pembeni, washa taa za hadhari. Sehemu nyingine zote za makala haya unaweza kuzibishia, lakini hii usinibishie, kwa sababu baada ya taa hiyo neno linalofuata gerejini ni "imenoki", yaani imekufa kwa ndani, na injini ya EJ iliyonoki ni pesa za kununua gari dogo zima.

Injini za Subaru zimelala chali, pistoni mbili kila upande zikipigana ngumi. Umbo hilo linashusha uzito chini na ndiyo sababu gari linashika barabara vile. Lakini kona ndefu huivuta oili upande mmoja, inajaa kwenye kichwa cha silinda na kuchelewa kurudi kwenye sampu, lile beseni la oili chini ya injini, na bomba la kufyonzea linabaki likinyonya hewa. Beringi za konrodi, vyuma vinavyosukumwa na pistoni, zikikosa utando wa oili kwa sekunde chache tu, zinakwanguana chuma kwa chuma.

Sasa chanzo chake, kwa utaratibu wa uwezekano.

Kwanza, oili ni pungufu. Turbo hizi hunywa oili, na gari lako likikwambia halinywi, pima tena. Ninapima kila ninapojaza petroli, gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika kadhaa. Mjini oili ikiwa nusu ya kijiti hutaona tofauti yoyote miezi sita. Traki itakuonyesha kwenye kona ya kwanza ndefu. Siku ya traki kijiti kiwe kwenye alama ya juu.

Pili, oili imechujuka. Safari fupi fupi za kilomita tatu kwenda dukani, injini haijapata moto sawasawa, petroli ambayo haikuungua inapenya na kujichanganya na oili. Ivute kwenye kijiti uinuse. Ikinuka petroli, ibadilishe kabla hujafikiria raundi yoyote. Hili linawashangaza watu: gari linaloendeshwa polepole na mtu mwangalifu linaweza kuwa na oili mbovu kuliko la kijana wa barabara kuu.

Tatu, bomba la kufyonzea limepasuka. Ni udhaifu unaojulikana wa EJ: bomba la chuma lenye kuchomelewa, likitetemeka miaka, hupata ufa mwembamba na kunyonya hewa. Huwezi kuliona bila kushusha sampu. Kama umeshusha sampu kwa sababu nyingine yoyote, weka bomba jipya la kuimarishwa na usilifikirie tena.

Nne, oili yenyewe si oili. Chupa zilizojazwa upya zipo sokoni, tusijidanganye. Nunua kwa muuzaji mwenye jina la kulinda, angalia kizibo, na ukiona bei ni nusu ya kawaida, jua kilichomo ni nusu ya kawaida.

Baada ya taa kupepesa hata mara moja, mwaga oili kwenye beseni safi jeupe na uitazame juani. Kata chujio, kunjua karatasi yake. Ukiona vumbi linalometameta kama rangi ya kucha, beringi zimeanza kuisha. Ukikuta vipande vyenye rangi ya shaba, usiiwashe tena. Ita gari la kuvuta. Rafiki yangu alivikuta na akasema ataendesha taratibu tu hadi Ruiru. Aliishia mtaa wa Kahawa, kabla ya Ruiru.

Joto linapanda

Swali la lini linafanya kazi kubwa hapa kuliko mahali popote.

Likipanda kwenye foleni na kushuka ukianza kwenda, tatizo ni upepo: feni haizunguki, rilei yake imeungua, au feni moja kati ya mbili imekufa kimya. Washa AC ukiwa umeegesha na uangalie feni kwa macho yako.

Likiwa sawa kwenye foleni na kupanda traki tu, au ukipanda mlima kwa kasi, tatizo ni mtiririko au uwezo: rejeta imeziba ndani kwa kutu, mapezi yamejaa wadudu na matope ya safari ya Krismasi, au maji ni pungufu. Rejeta nyingi hapa zimezibwa na kitu kimoja, maji ya mfereji. Maji ya mfereji na ya kisima yana chumvi ambayo huganda ndani kama ukoko wa sufuria. Weka kuulanti halisi, kimiminika cha kupozea injini, iliyochanganywa na maji yasiyo na madini (distilled water).

Likipanda popote na hozi zikawa ngumu kama mbao hata asubuhi injini ikiwa baridi, au ukiona mapovu kwenye chupa ya akiba, gasketi ya kichwa inapitisha gesi. Hakuna dawa ya chupa ya kuziba hilo, hata mwenye duka akiapa.

Na mfuniko wa rejeta. Watu hucheka nikisema nimeponya gari kwa mfuniko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na maji ya wazi huku huchemka kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Mfumo wa kupoza hutegemea mfuniko kushikilia shinikizo la takriban bar 1 ili maji yasichemke. Springi ya mfuniko ikilegea, mtu wa Mombasa anaweza asijue. Sisi wa huku juu tunajua mapema, na traki tunajua mbele za watu.

Jambo moja la kukera. Bado kuna mafundi wanaotoa themostati, valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta injini ikiwa baridi, na kuitupa, wakisema "nchi yetu ni ya joto, haihitajiki." Inahitajika. Bila hiyo injini haifikii joto lake la kazi asubuhi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada ikidhani ni baridi, oili inachujuka kama nilivyoeleza pale juu, na kuta za silinda zinalika. Gari likija kwako likiwa la mkono wa pili na joto halipiti nyuzi 70 kwenye barabara kuu, themostati ilishatupwa. Nyingine ni bei ya chakula cha mchana. Irudishe.

Nguvu imepotea

Hapa kuna ugonjwa wa kweli na kuna unaodhaniwa.

Intakula ya gari hili, kipoza hewa inayotoka kwenye turbo, imekaa juu ya injini, ikipumulia kwenye tundu la boneti. Ukikaa dakika arobaini kwenye foleni, inakuwa kaango. Barabara ikifunguka unakanyaga na gari linajivuta. Endesha dakika tatu au nne kwa mwendo wa kawaida na nguvu inarudi. Huo si ugonjwa, ni umbile. Traki, ukiegesha kati ya raundi, fungua boneti.

Mwinuko nao una sehemu yake. Shinikizo la hewa Nairobi ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kadiri hiyo. Turbo hujaribu kufidia kwa kuzunguka haraka zaidi, na kwa kufanya hivyo inaipasha moto hewa inayoisukuma. Ndiyo maana turbo kuukuu hufia huku kabla ya wakati wake.

Ugonjwa wa kweli sasa. Ukisikia kuvuma au kupuliza unapokanyaga, na moshi mweusi unatoka nyuma, hozi ya busti, ile inayopitisha hewa iliyosukumwa na turbo, imechomoka au imepasuka. Hewa ilishapimwa kwenye kihisi, petroli ikamwagwa kwa hesabu hiyo, kisha hewa ikatorokea njiani. Kaza klipu zote. Mara nyingi ni dakika kumi na bisibisi.

Nguvu ikipungua pole pole kwa wiki kadhaa bila kelele wala moshi, shuku petroli. Magari haya yalipangiwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango cha huko lazima ianzie oktani 96 na kwa kawaida huuzwa ikikaribia 100. Kwa petroli ya chini ya hapo injini hugonga ndani kabla ya wakati, kihisi kinasikia, na kompyuta inarudisha nyuma muda wa kuwasha cheche ili kujilinda. Kwenye GRB unaweza kulisoma hilo moja kwa moja: kuna kizidishi cha uwashaji, kifupi chake IAM, ambacho kikiwa 1 kompyuta inaiamini petroli yako kikamilifu. Kikishuka na kubaki chini, usiende traki. Jaza petroli ya oktani ya juu kabisa unayoipata, iendeshe tangi zima, usome tena. Kisipopanda, angalia plagi, kisha kihisi cha hewa, hasa kama aliyekuuzia alifunga kichujio cha koni kinachong'aa bila kupanga upya kompyuta.

Na wale wanaolipa ili gari "lipige risasi" likiachiliwa mafuta: ule mlio ni petroli inayoungua nje ya silinda, kwenye ekzosi, pembeni ya turbo. Kwenye mashindano ya rali kuna sababu ya kufanya hivyo, na turbo huwekwa mpya kila inapobidi. Kwenye foleni ya Westlands sababu siijui.

Klachi inanuka, gia zinakwaruza

Nitapita haraka. Gia ya nne, mizunguko 2,500, kanyaga mafuta hadi chini. Mizunguko ikiruka na kasi isifuate, klachi inateleza na imekwisha. Harufu ya kuungua kwenye foleni pekee, bila kuteleza, ni mguu wako unaokaa nusu nusu. Acha nafasi mbele uende kwa hatua ndefu.

Klachi za mashindano zenye meno ya shaba hushika kama mlango unaopigwa na upepo. Niliwahi kuwa nayo miezi minne. Goti la kushoto lilinikataza.

Gia ya pili ikikwaruza asubuhi tu, subiri oili ya giaboksi ipate joto na uitie polepole. Ikikwaruza hata ikiwa moto, singkronaiza, vipande vinavyolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana, zinaisha na traki itazimaliza.

Usukani unatetemeka, chini kunagonga

Ukitetemeka kwa kilomita 90 hadi 110 bila breki, anza na rimu. Rimu za inchi 18 na matairi ya 245/40 yana ukuta mwembamba, na shimo moja la usiku linatosha kupinda rimu kwa ndani, mahali ambapo hutaona ukiwa umesimama. Ipeleke kwenye mashine ya kupima usawa na umwambie fundi aizungushe uone mwenyewe.

Tairi zikiliwa ukingo wa ndani tu, umeinamisha magurudumu kwa ajili ya kona na sasa unalipa barabarani. Ila watu wanalaumu mwinamo kupita kiasi. Kinachokula tairi haraka zaidi ni magurudumu kutazamana vibaya kwa mbele. Unaweza kuishi na mwinamo wa nyuzi 2 mjini kama magurudumu yanatazama mbele sawasawa. Fanya alaimenti baada ya kila shimo kubwa, na lazima kabla ya traki.

Soma pia tarehe ya tairi. Nambari nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Matairi ya mtumba kutoka Japani huuzwa yakiwa na kina kizuri cha meno na mpira uliokauka kama soli ya kiatu kilichosahaulika. Kwenda kazini yatakubeba. Traki yatateleza, kisha yatatoa vipande.

Upepo wa tairi ndiyo sababu rahisi kuliko zote na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Tairi ikipata moto traki, presha hupanda kwa bar 0.4 au zaidi, na gari lililokuwa likishika vizuri raundi ya pili linaanza kuteleza raundi ya tano. Dereva anasema shoki zimechoka. Pima zikiwa moto mara tu unapotoka, punguza, na kabla ya kurudi nyumbani rudisha. Rafiki zangu wawili wamepinda rimu Jumapili jioni kwa kusahau hilo la mwisho.

Mgongano mdogo mdogo kwenye matuta kwa kawaida ni lingi za stabilaiza, kitu cha bei nafuu. Mgongano mmoja mzito kila tuta ni shoki kufika mwisho wa safari yake kwa sababu umeshusha gari. Umelishusha kwa ajili ya dakika ishirini za traki, na kati yako na ofisi kuna matuta kumi na saba. Nimeyahesabu. Mvumo unaoongezeka na kasi, ukipungua unapoyumbisha gari upande mmoja, ni beringi, ile ile iliyozamisha pedali kule juu.

Jumapili jioni

Kabla ya yote, soma bima yako kabla hujaenda. Sera nyingi hutenga mashindano na majaribio ya kasi, na si vizuri kulijua hilo ukiwa umesimama kwenye mtaro wa chai.

Mimi injini nimeiacha kama ilivyotoka kiwandani. Nilichokigawanya ni vitu vinavyofungika kwa spana: seti mbili za pedi, seti mbili za rimu na matairi. Nikifika nyumbani nasubiri gari lipoe, nakaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, napima oili na kuandika imeshuka kiasi gani, naangalia chini kama kuna unyevu mpya. Kisha natoa pedi za traki na kufungua nati ya hewa ya breki ya mbele, na mke wangu akishikilia pedali natoa mafuta kidogo kwenye chupa nyeupe. Yakitoka na rangi ya chai ya rangi, naendelea kutoa mpaka yatoke kama asali mpya.